Sanamu Ikifika Imevunjika, Pesa Zirudishweje?

Seti ya sataranji ya mawe ya Kisii ina vipande 32 pamoja na ubao wake. Ikitoka Tabaka ikiwa nzima, kisha imfikie mnunuzi ng'ambo farasi mmoja akiwa amekatika kichwa, mchongaji huona vipande 31 vilivyo salama. Mnunuzi anayekusanya sanaa huona seti isiyokamilika. Hapo ndipo ugomvi wa kurudisha pesa huanzia, na wachongaji wetu wanaouza mtandaoni wanafaa kujua namna ya kuumaliza kabla haujawaharibia jina.

Tuanze na sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa ya ubora unaofaa, na kufidiwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inahusu pia mauzo ya mtandaoni. Kwa hivyo maneno "bidhaa ikiuzwa hairudishwi", ambayo wengi huyabandika kwenye kurasa zao, hayamkingi muuzaji aliyetuma kitu chenye kasoro.

Mnunuzi naye ana wajibu. Afungue kifurushi mara tu kinapofika, apige picha za sanduku lenyewe, karatasi ya anwani na mahali palipovunjika, kisha atoe taarifa bila kukawia. Asitupe sanduku wala vipande, kwa sababu posta au kampuni ya usafirishaji hutaka kuviona kabla ya kufikiria fidia. Akinyamaza kwa muda mrefu huku sanamu imekaa kabatini, sheria ya mauzo inaweza kumhesabu kuwa ameikubali.

Muuzaji akipokea malalamiko, ajibu siku hiyo hiyo, hata kama jibu ni kwamba anachunguza. Kisha alinganishe picha alizotumiwa na zile alizopiga kabla ya kufunga. Wako wanaotuma picha za sanamu ya mtu mwingine ili warudishiwe pesa na wabaki na mali. Alama ndogo au nambari iliyochongwa chini ya kila kazi humaliza ubishi huo.

Je, arudishe pesa zote? Inategemea. Kinyago kimoja kilichovunjika vipande viwili hakina la kujadili: pesa zote zirudi, pamoja na nauli ya kutuma. Kwa seti, mnunuzi aulizwe kwanza kama atapenda kipande kipya au kupunguziwa bei. Ugumu ni kwamba jiwe la Tabaka hutofautiana rangi, jeupe, la waridi, lenye mistari, na farasi wa jiwe jingine huonekana kama mgeni. Mchongaji mwerevu huweka akiba ya mabaki ya jiwe lile lile hadi mnunuzi athibitishe kwamba mzigo umefika salama. Kumlazimisha mnunuzi arudishe mawe yaliyovunjika hakuna maana. Mawe ni mazito, na nauli yaweza kupita bei ya sanamu.

Pesa zirudishwe kwa njia ile ile zilizokuja nayo, na kumbukumbu ihifadhiwe. Aliyelipa kwa M-Pesa arudishiwe kwa nambari aliyotumia kulipa, si nambari ya "binamu" inayotajwa baadaye. Aliyelipa kwa PayPal ana siku 180 za kufungua malalamiko tangu alipolipa, kwa hivyo muuzaji asidhani kimya cha mwezi mmoja kimemaliza jambo.

Mengi ya haya huepukika wakati wa kufunga. Kila kipande kifungwe peke yake, na sanduku likitikiswa lisitoe sauti. Majani makavu ya migomba yanatosha hadi Nairobi, lakini mzigo wa ng'ambo ufungwe kwa karatasi au sponji, maana wakaguzi wa forodha huko huwa wakali kwa mimea.

Wasipoelewana, mnunuzi au muuzaji aliye nchini anaweza kwenda katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi KSh 1,000,000. Si lazima kuwa na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Kabla ya kufika huko, idara ya biashara ya kaunti inaweza kuwasikiliza nyote wawili, kwa kuwa Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti jukumu la kusimamia biashara ya haki. Njooni na picha, risiti na jumbe mlizoandikiana.