SOMO LA KILIMO: TONE LA DAWA LINAPOGONGA JANI

Mkulima anaweza kununua dawa iliyosajiliwa, akaipima sawasawa na kupiga shamba zima, kisha baada ya siku chache akute nyanya au viazi vimeshikwa na bakajani. Lawama huiangukia dawa au duka lililoiuza. Wakati mwingine lawama hiyo ni ya haki. Lakini mara nyingi tatizo hutokea pale tone linapogonga jani. Katika somo hili tunaeleza kinachotokea hapo na jinsi ya kukirekebisha.

Ndani ya pampu kuna nini?

Chumvi ikitiwa majini huyeyuka. Majivu hayayeyuki, huelea kwa muda, kisha hutuama chini. Dawa nyingi za ukungu za unga, zikiwemo zile za shaba, ziko kama majivu. Kila tone linalotoka kwenye nozeli ni maji yaliyobeba chembe ndogo sana za dawa.

Dawa za shaba, zilizoanza kutumiwa kwenye mizabibu ya Ufaransa katika miaka ya 1880, haziponyi jani lililokwisha kuugua. Hukaa juu ya jani na kuua mbegu za ukungu zinapojaribu kuota. Sehemu isiyo na chembe haina ulinzi. Kwa hiyo jambo la maana ni jinsi chembe zilivyoenea, hata kuliko wingi wa maji uliyomwaga.

Tone linapotua

Tone likigonga jani hutanda kama chapati kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha hujaribu kujikusanya tena. Kwenye jani lenye nta, kama la kabichi, sukuma wiki au kitunguu, hujikusanya kwa nguvu hata likaruka au kubingirika hadi chini. Jaribu nyumbani: dondoshea jani la sukuma wiki maji safi. Utaona yakisimama kama shanga.

Chembe nazo zina mchango wake. Zikiwa chache, tone hutanda karibu sawa na maji matupu. Zikizidi, mchanganyiko huwa mzito kama uji, na tone hutanda kidogo. Ndiyo maana kuongeza kipimo "ili dawa iwe kali" hakuhakikishi ulinzi zaidi. Kunaongeza gharama na hatari.

Tone linapokauka pia huhamisha dawa. Umewahi kuona alama ya kahawa mezani: ukingo mweusi, katikati peupe. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walieleza sababu. Ukingo wa tone hukauka haraka, maji ya katikati hukimbilia huko kujaza pengo, na hubeba chembe. Tone kubwa la dawa linaweza kuacha pete ya namna hiyo, na katikati kukabaki wazi.

Hesabu ya matone

Tone lenye upana maradufu hubeba maji mara 8. Kwa maji yaleyale, tone moja kubwa lingetoa matone 8 yenye nusu ya upana wake, na kwa jumla yakafunika eneo kama mara mbili. Hata hivyo, matone yakiwa madogo mno kama moshi, upepo huyapeleka kwa jirani.

La kufanya shambani

1. Koroga unga kwa maji kidogo kwenye ndoo hadi usiwe na madonge. Chuja, mimina katika pampu yenye maji nusu, kisha ujaze.

2. Tikisa pampu mara kwa mara unapofanya kazi. Bila hivyo, mistari mingine itapata maji matupu na mingine dawa kali.

3. Kagua nozeli. Ikiwa tundu limepanuka, matone huwa makubwa. Ibadilishe.

4. Kwa mimea yenye nta, tumia stika inayoruhusiwa kwenye lebo. Usitie sabuni ya kufulia; inaweza kuunguza majani.

5. Piga juu na chini ya jani, na uache kabla majani hayajaanza kudondosha. Yakidondosha, matone yameungana na kuteremka na chembe zako hadi udongoni. Shaba haiozi, hubaki humo miaka mingi.

6. Usipige mvua ikikaribia au upepo ukivuma. Vaa glavu, barakoa, buti na nguo za mikono mirefu, na uheshimu siku za kungoja kabla ya kuvuna.

Majani yakikauka, yatazame kwa karibu. Vidoto vidogo vilivyosambaa sawasawa vinaonyesha kazi nzuri. Pete kubwa, au michirizi iliyokusanyika kwenye ncha ya jani, inaonyesha dawa iliyopotea.

Nunua dawa zilizosajiliwa na bodi ya PCPB pekee, na usome lebo kila mara. Ukiwa na swali, mwone afisa wa kilimo wa wadi yako. Nenda na pakiti ya dawa na, ikiwezekana, jani lililougua.