IJUE NAFSI YAKO: SOMO LA DODOSO LA TABIA



Ndugu mwanafunzi, katika darasa la akhlaq tunafundishwa muhasaba, yaani mtu kuihesabu nafsi yake kabla ya kuhesabiwa. Sote tunalikubali jambo hili, lakini tukiulizwa, "Wewe una tabia gani?" wengi hujibu, "Mimi niko kawaida tu." Katika somo hili tutaangalia chombo kimoja cha wataalamu wa elimu ya nafsi: dodoso la kujieleza.

DODOSO NI NINI?

Ni orodha ya maswali au sentensi fupi ambazo mtu hujijibia mwenyewe. Mojawapo ya madodoso ya mwanzo lilitungwa na Robert Woodworth wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia (1914–1918), ili kuwatambua askari ambao nafsi zao zisingestahimili vita. Mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert walipekua kamusi kubwa ya Kiingereza, wakatoa maneno karibu 18,000 ya kumweleza mtu. Waliokuja baadaye walichambua maneno ya aina hiyo na kuona mengi yanakusanyika katika mafungu matano:

1. Uwazi wa fikra: kupenda kujua na kujaribu mapya.
2. Bidii na mpangilio.
3. Uchangamfu mbele za watu.
4. Upole na kuwajali wengine.
5. Wepesi wa kufadhaika: wasiwasi, hasira na huzuni za karibu.

Kila mtu ana kiasi fulani cha kila fungu, mmoja kingi na mwingine kidogo. Mkimya si mgonjwa, wala mchangamfu si lazima awe mwema zaidi.

ZOEZI

Chukua daftari. Kwa kila sentensi andika namba, kuanzia 1 (si kweli kabisa) hadi 5 (kweli kabisa). Fikiria ulivyokuwa mwezi uliopita, si unavyotamani kuwa.

(a) Napenda kuuliza hata mambo yaliyo nje ya somo.
(b) Jambo geni hunichosha haraka.
(c) Namaliza kazi niliyopewa kabla ya kucheza.
(d) Mara nyingi natafuta kalamu au juzuu wakati wa kuondoka umeshafika.
(e) Nikikutana na mgeni, mimi ndiye huanza mazungumzo.
(f) Penye watu wengi hupenda kukaa pembeni kimya.
(g) Mwenzangu akikosea kusoma, humsaidia taratibu.
(h) Ni rahisi kwangu kumjibu mtu kwa ukali.
(i) Mtihani ukikaribia, usingizi hunipotea.
(j) Nikiudhiwa, hutulia upesi.

Sentensi b, d, f, h na j zimegeuzwa makusudi ili kumnasa anayekubali kila kitu. Kwa hizo, chukua 6 utoe namba uliyoandika: 2 inakuwa 4. Kisha jumlisha kila jozi: a na b ni fungu la kwanza, c na d la pili, na kuendelea. Kila fungu litakuwa kati ya 2 na 10. Zoezi hili ni la kujifunzia tu. Madodoso ya kitaalamu hujaribiwa kwanza kwa watu wengi.

MITEGO MITATU

Kwanza, kujipamba. Dodoso halijui ila ulicholiambia. Ukiliambia uongo, litakurudishia uongo wako ukiwa na namba.

Pili, maneno yanayomfaa kila mtu. Mwaka 1948 mwalimu Bertram Forer wa Marekani aliwajazisha wanafunzi wake dodoso, kisha akampa kila mmoja maelezo ya tabia yake. Walipoulizwa maelezo ni sahihi kiasi gani, wastani wao ulikuwa zaidi ya 4 kati ya 5. Kumbe wote walipewa karatasi moja, na sentensi nyingi zilitoka katika kitabu cha unajimu! Wapiga ramli na wasoma nyota hula kwa njia hiyo hiyo. Basi ukisomewa tabia yako, jiulize: je, maneno haya yasingemfaa na jirani yangu?

Tatu, kulifanya jibu kuwa jina. "Mimi ndivyo nilivyo, si mtu wa mpangilio." Nasi wazazi tujihadhari: mtoto anayeitwa mvivu kila siku huweza kujificha nyuma ya jina hilo.

KIOO CHA PILI

Imam Ghazali katika Ihya ametaja njia nne za kuzijua aibu za nafsi: mwalimu mwenye kuona, rafiki mkweli, ulimi wa adui, na kuchanganyika na watu ili ukiona baya kwao ulitafute kwako. Dodoso lina shahidi mmoja tu, nawe ndiye mwenyewe. Kwa hiyo mpe mama, ndugu au rafiki asiyekusifu ovyo akujazie zoezi hili. Palipo na tofauti kubwa baina ya namba zake na zako, hapo ndipo pa kujifunza, wala usimkasirikie.

JE, TABIA HUBADILIKA?

Mtume (s.a.w.) alimsifu Ashajj wa Abdul-Qays kwa upole na kutofanya pupa. Katika riwaya ya Abu Dawud, Ashajj aliuliza kama sifa hizo amezichuma au ameumbwa nazo, akaambiwa ameumbwa nazo. Lakini Bukhari na Muslim wamepokea pia kwamba anayejitahidi kusubiri, Allah humpa subira. Basi iko hulka ya kuzaliwa nayo, na iko tabia ya kuchumwa. Watafiti nao wameona kwamba kwa kawaida watu huongeza bidii na upole kadiri wanavyokua.

Chagua sentensi moja tu inayokuuma. Ikiwa ni (h), jizoeze mwezi mzima kunyamaza kidogo kabla ya kujibu, kisha jaza tena.

MASWALI YA MARUDIO

1. Kwa nini baadhi ya sentensi hugeuzwa?
2. Jaribio la Forer linatufundisha nini kuhusu ramli?
3. Taja njia nne za Imam Ghazali.

Allah atupambe kwa tabia njema kama alivyotupamba kwa umbo jema. Amin.