Mwizi Akivunja Mlango: Nguvu Ipi Sheria Inairuhusu?

Katika mikutano ya vijiji, swali hili huulizwa mara kwa mara: "Afande, mwizi akivunja mlango wangu saa nane za usiku, nimkaribishe chai?" Watu hucheka, lakini swali ni la haki na linastahili jibu lililonyooka.

Hulazimiki kumkaribisha. Sheria ya Uganda inamruhusu mtu kutumia nguvu kuzuia shambulio lisilo halali dhidi ya mwili wake au mali yake, na hata dhidi ya mwili au mali ya mtu mwingine. Ruhusa hiyo, hata hivyo, ina sharti: nguvu inayotumika isizidi ile iliyohitajika katika hali iliyokuwepo. Hapo ndipo wananchi wengi wema hujikwaa.

Tuchukue mfano. Mwizi ameingia sebuleni akiwa na panga, nawe una watoto chumba cha pili. Anakujia. Ukimpiga kwa rungu ili kumwangusha, umejilinda, na mahakama haitakudai upime pigo lako kwa mizani ya dhahabu huku roho ikikupanda. Sasa tubadilishe jambo moja tu. Mwizi ameona taa, ameitupa redio yako chini, ameruka dirishani na anakimbia kuelekea migombani. Unamfuata, anajikwaa, naye analala chini akiomba asamehewe. Pigo utakalompiga hapo halizuii chochote, kwa kuwa shambulio limekwisha. Kisheria, mambo yamegeuka: sasa wewe ndiwe mshambuliaji, na yule ndiye mwenye haki ya kulindwa.

Kila mwenye nyumba na aulinganishe uzito wa adhabu. Kuvunja nyumba usiku ili kuiba ni kosa kubwa, na adhabu yake ya juu ni kifungo cha miaka 10. Kuua kwa kukusudia kunaweza kuleta hukumu ya kifo, na kuua bila kukusudia kunaweza kuleta kifungo cha maisha. Anayemchoma moto mwizi wa kuku amejitwika kesi nzito kuliko ile ya marehemu.

Wengine husema, "Tulikuwa wengi, nani atajua ni nani aliyeua?" Kinga hiyo haipo. Tangu mwaka 1943, katika shauri la Tabulayenka, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba nia ya pamoja haihitaji watu kukaa kikao na kupatana kwanza. Inaweza kuonekana kutokana na kuwapo kwao, matendo yao, na kutojitenga kwao na shambulio. Aliyeleta tairi, aliyetoa petroli na aliyemshika miguu wanaweza kusimama kizimbani pamoja na aliyewasha kiberiti. Miaka mitano baadaye, katika shauri la Gusambizi, mahakama hiyo hiyo ilishikilia kwamba kila mauaji ya binadamu huchukuliwa kuwa si halali, isipokuwa mazingira yaonyeshe kwamba yana udhuru.

Aidha, kelele ya "mwizi!" haithibitishi kitu. Ni neno ambalo mdaiwa anaweza kumrushia mdai wake sokoni, au mtu kumrushia hasimu wake katika ugomvi wa shamba. Mgonjwa wa akili aliyepotea njia, au mgeni aliyebisha mlango usio wake, hawezi kujieleza mbele ya watu hamsini wenye mawe. Ibara ya 28 ya Katiba inamhesabu kila mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe au akiri mwenyewe, na Ibara ya 24 inakataza mateso na adhabu ya kikatili kwa mtu yeyote, mwizi akiwemo.

Najua lalamiko linalofuata: "Tunawaleta kwenu, nanyi mnawaachia." Lina uzito, nasi hatupaswi kulikwepa. Katiba inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48 tangu kukamatwa, kama hajaachiliwa kabla ya hapo. Dhamana ya polisi nayo haifuti kesi. Haitozwi ada, na askari anayedai fedha kwa ajili yake anapaswa kuripotiwa. Lakini ni kweli pia kwamba mashauri mengi hudhoofika kwa sababu mlalamikaji haandikishi maelezo, shahidi haji mahakamani, au kitasa kilichovunjwa kimetengenezwa kabla mpelelezi hajakiona. Na mwizi aliyeuawa hatakuambia kamwe ni nani aliyenunua televisheni yako. Yule mnunuzi hubaki mtaani, akingoja kijana mwingine.

Raia anayo mamlaka ya kumkamata anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake. Akishamkamata, anapaswa kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Piga yowe, majirani wa Mayumba Kumi watoke, mwiteni mwenyekiti wa LC1, na mmoja apige 999 au 112, namba zisizotozwa malipo. Mzuieni kwa kiasi cha kutosha asitoroke. Akishatulia, fimbo ziwekwe chini. Msiguse alichokishika. Andikeni majina ya walioshuhudia kabla hawajarudi kulala, kwa maana asubuhi kila mtu huwa na safari yake.