Mgonjwa na Haki ya Kazi Yake

Katika mashamba ya maua ya Usa River na Tengeru, katika viwanda vya Themi na Unga Limited, na katika hoteli za mjini Arusha, wamo wafanyakazi wenye maradhi yasiyopona upesi: kisukari, pumu, kifafa, shinikizo la damu, virusi vya UKIMWI. Wamo pia watu wa vijiji vya pande za Mlima Meru, kama Ngarenanyuki, ambao wamekunywa tangu utoto maji yenye floridi nyingi. Meno yao yana rangi ya udongo, na baadhi yao wakifika makamo mifupa huwauma hata kuinama ni taabu. Wengi huficha hali zao, wakichelea kwamba msimamizi akijua, kazi imekwisha. Twaona inafaa kueleza sheria yasemaje, kwa kuwa hofu hii hulishwa na kutojua.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, iliyotungwa mwaka 2004, yampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika kipindi cha miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, na 63 zifuatazo nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Mwenye kisukari aendaye kliniki siku moja kila mwezi, naye huleta cheti, atatumia siku 36 katika kipindi hicho chote. Atabakiwa na siku 90 za kuugua. Basi asidhani ameombewa huruma.

Na kibarua wa msimu wa kahawa je? Ni kweli kwamba aliyetumika chini ya miezi sita hana likizo ya malipo. Lakini sheria hiyo hiyo yamtambua aliyeajiriwa kwa msimu, na pia yule aliyeitwa na mwajiri mmoja zaidi ya mara moja katika mwaka, ikiwa jumla ya muda wake yazidi miezi sita. Kwa hiyo hapana budi kila mtu atunze karatasi zake za malipo, hata zikichakaa.

Tuje kwenye kufukuzwa, ndilo jambo liogopwalo zaidi. Mwajiri aweza kumwachisha mtu ambaye afya yake haimruhusu tena kufanya kazi. Tusidanganyane katika hilo. Lakini Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zamtaka kwanza apime chanzo cha udhaifu huo, ukubwa wake, kama ni wa muda au wa kudumu, na kama kazi yaweza kurekebishwa. Mpakiaji aliyeumwa mgongo aweza kuhesabu masanduku. Mwenye kifafa asipandishwe ngazi, apewe kazi ya chini. Hapana budi pia ashauriane na mfanyakazi mwenyewe. Barua iliyoandikwa jioni moja bila hata daktari kuulizwa haitimizi haya. Tena, mambo yakifika mbele ya sheria, ni mwajiri atakiwaye kuthibitisha kwamba sababu yake ilikuwa ya haki.

Hata hivyo sheria ina pengo. Yakataza kwa jina ubaguzi kwa ajili ya ulemavu na kwa ajili ya virusi vya UKIMWI. Haikutaja kisukari, wala pumu, wala shinikizo la damu. Mwenye maradhi haya yampasa aoneshe kwamba hali yake ni ulemavu, au asimame juu ya kanuni tulizozieleza. Kwa maoni yetu si haki kwamba ugonjwa mmoja utajwe na mwingine uachwe, hali wote wawili huja kazini na vidonge mfukoni. Wabunge wetu wangefanya vema kulitazama.

Aliyekwisha kufukuzwa asikae nyumbani akingoja hasira ya bwana ipoe. Shauri la kuachishwa kazi lapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi Arusha, kabla ya siku 30 kupita. Akichelewa itambidi aombe kwanza kusamehewa kuchelewa kwake, na ombi hilo laweza kukataliwa. Aende na barua ya kuachishwa, vyeti vya daktari na karatasi za malipo. Na kama ni wa mashambani, amtafute mapema mjumbe wa chama cha wafanyakazi hapo shambani, maana huyo aruhusiwa kusimama naye.