Nyumba ya Hesabu

Mtoto wa Mikelenge akitaka kuvuka Lualaba aende Alunguli, Mgenya mwenye mtumbwi haelekezi chombo chake moja kwa moja ng'ambo. Anakielekeza juu kidogo, kwa sababu maji yanamvuta chini. Juu kiasi gani? Yeye anajua kwa mazoea. Mwenye hesabu anajua kwa kalamu na karatasi, hata kama hajauona mto wenyewe.

Abdus Salam, mtu wa Pakistani, alikuwa bingwa wa kazi hiyo ya kalamu. Alisoma Uingereza, na mwaka 1951 alirudi kwao kufundisha. Lakini kule hakuwa na mwenzake wa kujadiliana naye. Ukuni mmoja, tunajua sisi wapishi wa jikoni, hauwaki sana. Mwaka 1954 aliiacha nchi yake akarudi Uingereza, na jambo hilo lilimwuma.

Kwa hiyo mwaka 1964 alianzisha nyumba ya elimu mjini Trieste, Italia. Wenye hesabu wa nchi maskini huenda huko kwa muda, hubishana mbele ya ubao, kisha hurudi kwao. Sehemu kubwa ya fedha inatoka serikali ya Italia.

Mwaka 2018 nyumba ndugu ilifunguliwa Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Tazameni ramani: kutoka Kindu, Kigali ni karibu kuliko Kinshasa.

Maulizo: Kwa nini Salam aliiacha nchi yake? Mtumbwi ukielekezwa moja kwa moja ng'ambo, utafika wapi?