Seva ya nyumbani ikigoma, anza na kebo

Picha za harusi, nakala za hati ya kiwanja na video za watoto zimejaza simu hadi inakataa kupiga picha nyingine. Ndiyo maana familia kadhaa sasa zinanunua seva ndogo ya kuhifadhi: kisanduku chenye diski moja au mbili, kinachokaa kando ya ruta na kutumiwa na nyumba nzima. Kama fundi, maswali ninayoulizwa kuhusu visanduku hivi yanajirudia. Haya ndiyo makubwa.

Swali: Taa za seva zinawaka, lakini kompyuta haiioni. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia kwenye kebo. Chomeka seva moja kwa moja kwenye ruta, kisha hakikisha kompyuta yako iko kwenye Wi-Fi ya ruta hiyohiyo, tena si ile ya wageni. Wi-Fi ya wageni imetengwa makusudi ili mgeni asione vifaa vya wenyeji.

Ingia kwenye ukurasa wa ruta utazame orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Seva itakuwa na namba yake, mathalani 192.168.1.40. Andika namba hiyo kwenye kivinjari. Kama seva yako ni Synology, ongeza nukta mbili na 5000 mwishoni. Ukikuta seva ina namba inayoanza na 169.254, ujue iliomba namba, ikakosa wa kuijibu, ikajipa yenyewe. Hapo kagua kebo au zima ruta na kuiwasha upya. Ukishaipata seva, iagize ruta iiwekee namba hiyo moja siku zote. Usipofanya hivyo, siku umeme ukikatika na kurudi inaweza kupewa namba nyingine, ukaanza kuitafuta upya.

Swali: Nina diski ya zamani yenye picha. Nikiiingiza kwenye seva, picha zitabaki?

Jibu: Usijaribu. Seva nyingi hufuta diski nzima zinapoiandaa kwa mara ya kwanza. Nakili picha kwingine kwanza. Na ukinunua diski ya terabaiti 4 ukaona kompyuta inasoma 3.6, hujaibiwa dukani: mtengenezaji anahesabu kwa 1,000, kompyuta inahesabu kwa 1,024.

Swali: Seva inaonekana, ila kunakili ni kwa kusuasua. Haivuki megabaiti 11 kwa sekunde.

Jibu: Hiyo 11 inanipa jibu kabla sijafika kwako. Mtandao wa megabiti 1,000 hutumia nyaya zote 8 zilizo ndani ya kebo. Wa megabiti 100 hutumia 4 tu. Waya mmoja kati ya zile 4 nyingine ukikatika, vifaa hivi kwa kawaida havilalamiki, vinashuka kimyakimya hadi 100. Gawanya 100 kwa 8 (biti 8 ni baiti moja) upate megabaiti 12.5, toa gharama za njiani, unabaki na 11 hivi. Kwangu mwenyewe nilihangaika jioni nzima na mipangilio ya seva, kumbe kebo ilipita chini ya mlango na kila aliyeufunga aliibana. Kebo mpya ikamaliza kazi.

Swali: Nyumbani inafanya kazi vizuri, nikisafiri haifunguki. Nimefungua milango (port) kwenye ruta hadi nimechoka.

Jibu: Huenda milango unayofungua haitazami barabarani. Tazama namba ya intaneti iliyoandikwa ndani ya ruta, kisha ilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti za kutambua anwani yako. Zikitofautiana, au ile ya ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kampuni yako ya intaneti inakuchanganya na wateja wengine kwenye anwani moja. Anwani za intaneti za mfumo wa zamani ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, hivyo kampuni nyingi huwapa wateja kadhaa anwani moja.

Fikiria S.L.P. ya shule ya bweni. Barua ikifika bila jina la mwanafunzi, haimfikii yeyote. Lakini mwanafunzi akiandika yeye kwanza, anayejibu anajua amwandikie nani. Programu kama Tailscale na ZeroTier, au huduma ya QuickConnect ya Synology, hufanya hivyo: seva ndiyo inayotoka kuanzisha mawasiliano, na wewe unaipata kupitia njia hiyo. Hakuna mlango wa kufungua kwenye ruta. Tailscale nayo hutoa namba zinazoanza na 100; usishtuke.

Swali: Mimi nina anwani yangu mwenyewe ya umma. Kwa nini nisifungue mlango tu?

Jibu: Kwa sababu hutakuwa peke yako unayebisha hodi. Januari 2022 wahalifu waliotumia jina DeadBolt walivamia seva za QNAP zilizokuwa wazi kwenye intaneti, wakafunga mafaili na kudai bitcoin 0.03 kwa kila mwenye seva. Juni 2021, wenye vifaa vya kuhifadhi vya My Book Live waliamka na kukuta data imefutwa kutoka mbali. Vifaa hivyo vilikuwa havijapata marekebisho tangu 2015. Pita kwenye VPN, yaani njia ya siri ya kuingia mtandao wa nyumbani, kama WireGuard, sasisha programu ya seva, zima akaunti ya admin iliyokuja nayo, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili.

Swali: Inafunguka kwa mbali, ila video zinakwamakwama.

Jibu: Ukiwa mbali, kasi inayohesabika ni ile ya kupandisha kutoka nyumbani, ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko ya kushusha. Kwa megabiti 10, video ya gigabaiti 4 huchukua kama dakika 53. Seva haina kosa.

Swali: Diski zangu mbili zinanakiliana. Bado nahitaji nakala nyingine?

Jibu: Ndiyo. Ukifuta picha kwenye moja, inafutika kwenye zote mbili papo hapo. Mwizi akibeba kisanduku, amebeba zote. Weka diski ya tatu kwa ndugu au kazini, uisasishe kila unapofika huko. Nunua pia UPS, betri inayoshika umeme unapokatika, uchomeke humo seva pamoja na ruta, maana seva iliyo hai nyuma ya ruta iliyozima haikusaidii ukiwa safarini.

Na kabla ya safari, fanya jaribio hili: zima Wi-Fi ya simu, washa data ya bando, fungua picha moja kutoka kwenye seva. Lifanye ukiwa bado sebuleni, siku tatu kabla ya kuondoka, wakati kebo na ruta bado unaweza kuzigusa kwa mkono.