Somo la Afya: Ugonjwa Usiofahamika na Maswali Kuhusu Mazingira ya Mgonjwa

Ndugu mkazi wa kata, hutokea mgonjwa akafika zahanati, akapimwa malaria, akapimwa damu na mkojo, majibu yakarudi hayaonyeshi kitu, naye akazidi kudhoofika. Ndugu huanza kushauriana nje ya wodi. Wengine husema apelekwe hospitali kubwa, wengine kwa mganga, na si ajabu katika mashauri hayo likatajwa jina la bibi kizee wa jirani. Somo hili linahusu kazi inayopaswa kufanyika kabla mambo hayajafika huko, nayo ni kuchunguza mazingira ya mgonjwa: alichokula na kunywa, hewa aliyoivuta, na vitu alivyovigusa kazini na nyumbani. Uchunguzi huo huongozwa na mtaalamu wa afya, lakini sehemu kubwa ya majibu wanayo watu wa nyumbani kwake.

Mfano wa kujifunzia tunao hapa nchini. Katikati ya mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua maradhi ambayo mwanzoni hayakufahamika. Macho yaligeuka manjano, walitapika, matumbo yakavimba na kujaa maji. Dalili za namna hiyo zinaweza kuletwa na mambo mengi, vikiwamo virusi vya homa ya ini, pombe na baadhi ya dawa, kwa hiyo kumtazama mgonjwa peke yake kusingetosha. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki dunia.

Jibu lilipatikana kwenye mahindi. Wachunguzi walichukua mahindi ya kaya zilizokuwa na wagonjwa na ya kaya zisizokuwa nao, wakayapima sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa nchini ni mikrogramu 10 kwa kilo moja. Katika kaya zisizo na wagonjwa kipimo cha juu kilikuwa 285. Katika kaya zilizougua, yalikuwapo mahindi yaliyozidi mikrogramu 50,000. Msomaji makini ataona jambo la pili katika takwimu hizo: hata baadhi ya kaya zilizokuwa salama zilikuwa zinakula mahindi yaliyovuka kiwango, ila mwili ulikuwa haujalalamika bado. Sumu hiyo haiondolewi na moto wa jikoni, wala kuonja ugali hakutoshi kuitambua. Miaka 12 kabla ya hapo, jirani zetu wa Makueni na Kitui nchini Kenya walipatwa na janga la aina hiyo hiyo. Katika mlipuko ule wa mwaka 2004 waliugua watu 317 na kufariki 125.

Tutue kidogo hapa, kwa sababu namna ya kuuliza ndiyo kiini cha somo. Kumuuliza mgonjwa wa Dodoma kama alikula ugali hakusaidii chochote, maana hata jirani yake mzima aliula. Swali lenye manufaa ni lile linalomtenganisha anayeumwa na asiyeumwa. Mahindi hayo ni ya shamba lenu au mlinunua? Yalivunwa yakiwa makavu au mabichi? Yalianikwa juu ya turubai au chini kwenye udongo? Mlianza kula gunia hili lini, na mtoto alianza kuumwa lini? Nani katika nyumba hii hali chakula hicho, naye hali yake ikoje? Ikiwa baba anayekula kwa mamantilie ni mzima na wanaokula nyumbani wote wanaumwa, taarifa hiyo inampa mganga mahali pa kuanzia.

Wakati mwingine chakula ni kile kile cha siku zote na kilichobadilika ni matayarisho yake. Katika Wilaya ya Tarime, mwaka 1985, watu walipooza miguu kwa ghafla, ugonjwa ambao wataalamu huuita konzo, neno lililotoka kwa Wayaka wa Kongo. Kilikuwa kipindi cha ukame. Watu walitegemea muhogo mchungu karibu peke yake, na kwa sababu ya njaa walifupisha zile siku za kuuvundika na kuuanika ambazo huiondoa sumu ya sianidi iliyomo. Aliyeulizwa kama amekula kitu kigeni angejibu kwa ukweli kabisa kwamba hapana, amekula muhogo tu, kama mama yake na bibi yake.

Kazi nayo huingia nyumbani pamoja na mfanyakazi. Katika Jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 2010 watoto wadogo walikuwa wakipatwa na degedege na kufa, na katika eneo lenye malaria na homa ya uti wa mgongo hakuna ajuaye haraka kwamba kuna sababu nyingine. Ilikuja kubainika kwamba familia zilikuwa zikisaga mawe ya dhahabu yenye madini ya risasi karibu na nyumba zao, na vumbi lake likaenea kwenye udongo ambao watoto walikuwa wakichezea. Zaidi ya watoto 400 walipoteza maisha. Wakazi wa kata zenye wachimbaji wadogo wausome mfano huu mara mbili. Kwetu hatari iliyo wazi zaidi ni zebaki. Anayechoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki uani hutoa mvuke ambao humfikia hata mama anayepika pembeni. Kutetemeka mikono, kukosa usingizi, kusahau na hasira zisizo na sababu ni miongoni mwa dalili zake, na mtu anaweza kuishi nazo muda mrefu akidhani ni uchovu.

Muda pia huwapoteza watu. Mwezi Julai 2022, huko Ruangwa mkoani Lindi, wagonjwa walipata homa, maumivu ya kichwa, uchovu na kutokwa damu puani. Walipopimwa Ebola, Marburg na Uviko-19 hawakukutwa na magonjwa hayo. Baadaye ikathibitika kuwa ni homa ya mgunda, ambayo binadamu huipata kupitia maji, udongo au chakula kilichochafuliwa na mkojo wa wanyama, wakiwamo panya. Taarifa ya Wizara wakati huo ilitaja wagonjwa 20 na vifo vitatu. Dalili za homa hii huanza kwa kawaida kati ya siku 5 na 14 baada ya maambukizi, na zinaweza kuchelewa hadi mwezi. Kwa hiyo mgonjwa akiulizwa amefanya nini jana na juzi, jibu lake halitagusa siku ile alipovuka dimbwi akiwa na kidonda mguuni. Arudi nyuma mwezi mzima, na kwa sumu zinazojikusanya taratibu, kama risasi, arudi nyuma zaidi.

Yapo pia maradhi yanayojieleza yenyewe kwa mahali. Kichwa kinachouma usiku na kupoa mtu akitoka nje asubuhi, tena kwa watu wote waliolala chumba kimoja, kinapaswa kumfanya mtu alitazame jiko la mkaa lililoachwa ndani. Mkulima anayetokwa jasho na mate kwa wingi na kuona ukungu machoni baada ya kupulizia dawa shambani hana haja ya kusubiri kipimo cha malaria. Apelekwe hospitali mara moja.

Sasa, utakapompeleka mgonjwa wako, nenda na kitu mkononi. Kama kuna shaka juu ya nafaka, chukua kiasi cha kilo moja kutoka gunia lile lile mnalokula, ukiweke kwenye mfuko wa karatasi au kitambaa. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu na kuongeza ukungu. Usiutupe unga uliobaki wala kuupa kuku. Kama ni kiuatilifu, beba chupa yenye lebo ikiwa imefungwa vizuri, au piga picha ya lebo hiyo kwa simu. Nguo zilizomwagikiwa sumu zivuliwe na ngozi ioshwe kwa maji mengi na sabuni bila kusubiri ruhusa ya mtu. Andika kwenye karatasi tarehe dalili zilipoanza, nani mwingine anaumwa nyumbani au kwa jirani, na kama kuna mifugo iliyokufa siku hizo. Lakini mgonjwa akiwa amezimia, anapata degedege au anapumua kwa shida, mkimbize kwanza. Karatasi na unga vitafuata.

Neno moja kuhusu siri. Mchimbaji asiye na leseni huogopa kutaja zebaki, mpika gongo huogopa kutaja gongo, na wengi hukana dawa za mitishamba kwa kuhofia kukemewa. Mtoa huduma wa afya anafungwa na maadili ya kazi yake kutunza siri ya mgonjwa, na anauliza ili atibu. Dawa ya mitishamba iliyofichwa inaweza kuwa ndiyo iliyoumiza ini, na asiyeitajiwa atatafuta kwingine kwa wiki nzima.

Majibu nayo yapokelewe kwa subira. Kukuta sumu ndani ya nyumba hakuthibitishi kwamba ndiyo iliyomwangusha mgonjwa. Hulinganishwa kwanza na hali ya wasioumwa, na sampuli zinaweza kuhitaji kupelekwa nje ya wilaya, ikiwamo Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Wakati mnasubiri, acheni kutumia kile kinachotiliwa shaka.

Watu wawili au zaidi wa nyumba moja au kitongoji kimoja wakipata dalili zinazofanana zisizoeleweka, usisubiri wa tatu. Mpe taarifa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Mtendaji wa Kijiji au Afisa Afya wa Kata siku hiyo hiyo, au piga simu bila malipo namba 199 ya Wizara ya Afya. Eleza kitongoji, idadi ya wanaoumwa na siku ya kwanza ya dalili.